Kompyuta Ikikataa Hesabu, Tusifunge Mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini na madarasani, na ambalo nasikia lilifika hata katika mkutano wa wazazi. Jambo hilo ni habari ya Maxima, programu ya hesabu iliyomo katika kompyuta za shule yetu. Wako wenzetu wanaosema kwamba programu hiyo ni mbovu, na kwamba heri iondolewe, kwa sababu mwanafunzi akiiuliza swali mara nyingi hurudishiwa maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa, au jibu lisilofanana na la kitabuni. Wengine wamepita hapo, wakashauri kwamba chumba cha kompyuta kifungwe kabisa kwa wanafunzi wa hesabu, kitumike kuchapa mitihani tu. Mimi sikubaliani nao. Nitaeleza sababu zangu moja moja, na wasomaji watapima wenyewe.

Kwanza, kwa faida ya wazazi wetu ambao hawajaiona, nieleze Maxima ni kitu gani. Kikokotoo cha kawaida hufanya hesabu za namba tu. Ukikipa 12 mara 15 kitakupa 180, lakini hakijui x wala y. Programu ya aljebra yazijua herufi. Ukiiambia ifungue mabano ya (x+3)(x-2) itakupa x²+x-6. Ukiiambia iyarudishe mabano, itayarudisha. Na ukiipa mlinganyo, itautafutia jibu. Asili yake ni programu iliyoitwa Macsyma, ambayo wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani walianza kuitengeneza mwaka 1968. Kuanzia mwaka 1982 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Texas, William Schelter, aliitunza na kuiendeleza, na mwaka 1998 akapata ruhusa ya Serikali ya Marekani kuitoa iwe huria. Yeye alifariki mwaka 2001, lakini kazi yake haikufa, maana watu wa nchi mbalimbali wanaiendeleza kwa kujitolea mpaka leo.

Neno hili "huria" lina uzito wake. Si kwamba programu haiuzwi tu. Maana yake ni kwamba maandishi yaliyoifanya programu yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha, na kumgawia mwenzake. Kunakili programu ya kuuzwa bila ruhusa ya mwenyewe ni wizi; kunakili Maxima ni haki iliyoandikwa katika leseni yake. Shule ya Katesh yaweza kuipa shule ya Dongobesh, na ya Dongobesh ikaipa ya Haydom, bila kuvunja sheria. Tena haihitaji intaneti, wala haitaki kompyuta mpya ya bei kubwa. Kwa shule za Mbulu na Hanang, ambako mtandao hukatika na kompyuta nyingi ni za zamani, hilo si jambo dogo.

Sasa nije kwenye lawama. Ni kweli kwamba Maxima hukataa hesabu. Lakini yafaa tuulize: inakataa kwa sababu gani? Nionavyo mimi, taabu zote tunazozipata ni za namna tatu, na kila namna ina dawa yake. Kuzichanganya zote pamoja na kusema "programu mbovu" ni kama mganga anayetoa dawa moja kwa homa, kwa jino na kwa mguu uliovunjika.

Namna ya kwanza ni makosa ya mwandikaji. Tuchukue hesabu ya kwetu. Mkulima wa vitunguu saumu ana shamba ambalo urefu wake umezidi upana kwa hatua 20, na eneo lake ni hatua za mraba 2400. Upana ni hatua ngapi? Upana tuuite w, kisha tuandike w(w+20) = 2400. Katika daftari mwalimu ataelewa mara moja kwamba w inazidishwa na mabano. Maxima haielewi hivyo. Yenyewe hudhani kwamba w ni jina la kanuni fulani, kama vile tunavyoandika f(x), na kwa hiyo haiwezi kukupa jibu unalolitaka. Inataka nyota ya kuzidisha: w*(w+20). Kadhalika ukiandika 2w badala ya 2*w, itakuambia kwa Kiingereza kwamba sentensi yako haikuandikwa sawasawa, na chini yake itaweka alama ndogo kama kofia, ikionyesha mahali ilipokwama. Wengi huona maandishi hayo wakainuka kitini. Lau wangaliyasoma mpaka mwisho, na kuitazama ile kofia, wangaliongeza nyota moja na kuendelea.

Iko na taabu nyingine ya namna hii hii. Mwanafunzi wa zamu ya kwanza aliandika w:40, maana yake "kuanzia sasa w ni 40". Akaondoka bila kuifunga programu. Wa zamu ya pili anakuja na kuuliza mlinganyo wenye w, na programu inamlalamikia kwamba imekuta namba mahali ilipotarajia herufi. Huyu wa pili atasema kompyuta ina wazimu, kumbe ina kumbukumbu tu. Dawa yake ni kuandika kill(all), yaani sahau yote, ndipo uanze. Tena katika dirisha tupu la Maxima, usipotia nukta mkato mwishoni, programu hunyamaza ikingoja umalize sentensi yako. Na katika dirisha la wxMaxima kwa kawaida hesabu haianzi mpaka ubonyeze Shift na Enter kwa pamoja. Je, hayo ni ubovu? Hata barua isiyotiwa anwani haifiki, wala hatuilaumu posta.

Namna ya pili ni ngumu zaidi, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Hapa programu imejibu sawa, bali sisi hatukulielewa jibu. Turudi shambani. Ukiiandika hesabu ile vizuri, solve(w*(w+20)=2400, w), itakupa majibu mawili, 40 na -60. Mtu atacheka: shamba gani lina upana wa hatua sitini kasoro ya sifuri? Lakini mashine haikuambiwa habari za shamba wala za vitunguu. Iliulizwa ni namba zipi zinazoukidhi mlinganyo, nayo ikazitaja zote mbili bila kuficha. Kuchagua ile inayofaa shambani ni kazi ya mtu. Mwanafunzi aliyelielewa hilo amejifunza jambo ambalo mtihani huuliza kila mara.

Tazama mifano mingine. Katika kitabu chetu cha majedwali, logi ya 100 ni 2. Ukiiandikia Maxima log(100), itakurudishia log(100) vilevile, na ukiilazimisha itoe desimali itakupa 4.605. Haikukosea. Logi yake si ya msingi wa 10 kama ya majedwali yetu, bali ni ya msingi wa ile namba iitwayo e, ambayo ni karibu 2.718. Ukitaka ya kwetu, gawa kwa log(10), utapata 2. Hali kadhalika, ukitaka saini ya nyuzi 30 na kuandika sin(30), desimali yake itakuwa -0.988 badala ya nusu, kwa sababu mashine hupima pembe kwa radiani. Andika sin(30*%pi/180) nayo itakupa nusu kamili. Angalia pia ile alama ya asilimia mbele ya pai. Ukiiacha, pi itakuwa herufi tupu kama herufi nyingine.

Wenzetu wa Hesabu za Ziada wana malalamiko yao. Wanasema wakiuliza intigresheni ya x yenye kipeo n, kompyuta "inaganda". Haigandi. Inauliza: je, n ni sawa na -1? Inangoja ujibu ndiyo au hapana, kwa Kiingereza. Na kwa nini inauliza? Kwa sababu kanuni ya kuongeza kipeo kwa moja na kugawa kwa kipeo kipya haifai n ikiwa -1. Ungalikuwa unagawa kwa sifuri. Basi mashine inamkumbusha mwanafunzi sharti ambalo yeye mwenyewe aliliruka. Mwalimu anayekuuliza swali kabla ya kukujibu, utamwita mbovu?

Vilevile, ukiuliza kipeuo cha pili cha x², hutapata x bali thamani halisi ya x, isiyo na alama ya kutoa. Jaribu kwa -5: kipeo chake cha pili ni 25, na kipeuo cha 25 ni 5, wala si -5. Mashine iko sawa, na wengi wetu darasani huandika x bila kufikiri. Na ukiandika 0.1+0.2-0.3 utapata namba ndogo mno badala ya sifuri. Sababu yake ni kwamba kompyuta huhesabu kwa msingi wa mbili, na katika msingi huo sehemu moja ya kumi haiishi, kama vile theluthi isivyoisha katika desimali zetu. Tumia sehemu, 1/10+2/10-3/10, utapata sifuri kamili. Kila moja ya taabu hizi, ukiifuata mpaka mzizi wake, inakufunza somo.

Namna ya tatu ni makosa ya programu yenyewe. Haya yapo, wala sitaki kuyaficha. Ukiiambia Maxima irahisishe x²-1 gawa kwa x-1, itakupa x+1 bila kukukumbusha kwamba x isiwe 1. Hapo mwanafunzi mwangalifu ameipita mashine. Na yako makosa makubwa kuliko hayo, wala si ya Maxima tu. Mwaka 1994 mwalimu wa hesabu huko Virginia, Thomas Nicely, aligundua kwamba kompyuta zenye kifaa cha Pentium zilikosea kugawanya. Ukigawa 4,195,835 kwa 3,145,727, jibu ni 1.33382, lakini kifaa kile kilitoa 1.33374. Aligundua kwa sababu hakuridhika na jibu la kompyuta moja, alilinganisha. Mwaka ule ule kampuni ya Intel ikakubali kumbadilishia kifaa kila aliyetaka.

Mwaka 2013 wanahisabati watatu wa Hispania, Antonio Durán, Mario Pérez na Juan Luis Varona, walikuta kwamba programu ya kuuzwa, Mathematica, ilikuwa ikikosea ditaminanti za matriksi zenye namba kubwa, na kwamba swali lile lile likiulizwa mara mbili liliweza kupata majibu mawili. Nao waligundua kwa kulinganisha na programu nyingine. Walitoa taarifa kwa wenye programu, na mwaka 2014 wakaandika makala katika jarida la chama cha wanahisabati wa Marekani. Lakini kwa kuwa maandishi ya programu ile yalikuwa siri ya kampuni, hawakuweza kuyafungua wajionee kosa liko wapi.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya programu huria. Maxima nayo ina makosa, lakini haina siri. Watengenezaji wake huorodhesha hadharani makosa wanayoyajua. Ukiandika run_testsuite() programu hujipa mtihani yenyewe, maswali mengi sana, na kutangaza ni wapi imeshindwa. Ukiandika bug_report() itakuonyesha toleo lako na mahali pa kupeleka habari za kosa ulilolikuta. Mashine ya kuvunia ngano ikikwama katika mashamba ya Basotu, fundi mwenye ruhusa ya kuifungua atailaza chini ataone penye tatizo. Lakini ikiwa imefungwa kwa kufuli la mwenyewe aliye ng'ambo, ngano itanyeshewa mvua. Kati ya mashine mbili zinazoweza kuharibika, mimi nachagua ile ninayoruhusiwa kuifungua.

Huenda mtu akasema: hayo ni mambo ya maprofesa, mwanafunzi wa Mbulu atapeleka habari gani ya maana? Huyo namkumbusha Mtanzania mwenzetu Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, aliona kwamba maziwa yaliyotiwa kwenye barafu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa kwanza. Aliuliza, akachekwa. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wenzake. Naye badala ya kumcheka akalipima jambo lile. Mwaka 1969 wote wawili waliandika makala katika jarida la ualimu wa fizikia, na jina la Mpemba limesafiri dunia nzima. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, wengine wakikubali na wengine wakikana. Lakini hakuna anayebisha kwamba kuuliza kwake kulikuwa na faida. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wala si kweli kwamba programu hizi ni za watu wa mbali tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu maandishi yake yalikuwa wazi. Na jirani zetu wa Kenya, katika Chuo Kikuu cha Maseno, wanatumia mfumo uitwao STACK kuwapa wanafunzi mazoezi ya hesabu na kuyasahihisha. Ndani ya mfumo huo, anayepima kama jibu la mwanafunzi ni sawa na la mwalimu, hata likiwa limeandikwa kwa sura nyingine, ni Maxima hii hii tunayotaka kuitupa.

Sasa nijibu hoja za wanaotupinga, maana si hoja za kupuuzwa.

Wanasema kwamba kompyuta italeta uvivu. Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu, nami nakubali nusu yake. Mwanafunzi anayenakili jibu la kompyuta bila kufanya kazi yake ni mvivu, lakini alikuwa mvivu hata alipokuwa akinakili kwa jirani. Tofauti ni kwamba Maxima haimwonyeshi njia. Inampa jibu tu, na karatasi ya mtihani hudai njia ionekane. Kwa hiyo sheria iwe moja: hesabu ifanywe kwanza kwa mkono daftarini, ndipo mtu aende kulinganisha. Majibu yakitofautiana, hapo ndipo masomo yanapoanza, kwa sababu itabidi ajue ni nani aliyekosea.

Wanasema pia kwamba kompyuta haiingii katika chumba cha mtihani. Kweli, haiingii. Lakini ng'ombe wa kulimia haingii mezani, ila chakula kilichoko mezani kimetokana naye. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2023, waliofaulu Hesabu katika nchi nzima walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Sidai kwamba programu moja itaponya ugonjwa huo. Nasema tu kwamba mgonjwa wa namna hiyo hafungiwi mlango wa dawa.

Hoja ya tatu ni kwamba maneno yake ni Kiingereza na kanuni zake za kuandika ni ngeni. Ndugu zangu, tujitazame tulivyo. Wengi wetu tuliongea Kiiraqw au Kidatoga nyumbani, tukajifunza Kiswahili shuleni, kisha tukaingia sekondari tukakutana na Kiingereza katika kila somo. Hakuna aliyetuambia tunyamaze mpaka tutakapojua ngeli zote. Tulisema "kitabu yangu", tukasahihishwa, tukasema tena. Maxima ni lugha ya nne, tena nyepesi kuliko zote tatu, maana haina methali wala mafumbo. Watu waliokwisha kujifunza lugha tatu kabla ya kufikia umri wa miaka kumi na minane wataogopaje nyota na nukta mkato?

Hoja ya mwisho ni uhaba. Kompyuta ni chache, na umeme hukatika, hasa wakati wa mvua. Hili sina la kulikana. Lakini kitu kikiwa kichache hugawanywa kwa zamu, kama tunavyogawana maji wakati wa kiangazi, hakimwagwi.

Kwa hiyo, pamoja na heshima zote kwa waalimu wetu, natoa maombi manne.

La kwanza, chumba cha kompyuta kifunguliwe kwa ajili ya hesabu saa mbili kila juma, chini ya usimamizi, kwa zamu za vidato. Anayeingia aje na daftari lenye hesabu aliyokwisha kuifanya kwa mkono.

La pili, liwekwe mezani daftari la makosa. Kila mtu atakayekwama aandike mambo matatu: aliandika nini kwa kompyuta, ikamjibu nini, na ni kitu gani kilichomtoa. Daftari hilo litakuwa mali ya shule. Anayekuja mwakani hatakuwa na haja ya kuteseka siku nzima kwa jambo ambalo mwenzake alilitatua mwaka jana. Kufanya kosa si kosa; kosa ni kurudia kosa, na hasa kurudia la mwenzako lililokwisha kuandikwa.

La tatu, kutokana na daftari hilo, wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne waandike karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza maneno ambayo Maxima huyasema mara kwa mara, ibandikwe ukutani. Mathalani, ukiipa namba za desimali itaandika kwamba imebadili 0.5 kuwa 1/2. Wengi hudhani ni kosa. Ni taarifa tu, kama karani anayekujulisha kwamba amepokea barua yako.

La nne, tukikuta kosa ambalo kweli ni la programu, tusiishie kunung'unika. Tulipunguze swali mpaka libaki fupi kabisa na kosa bado lionekane. Tuianzishe programu upya, tujaribu tena katika kompyuta nyingine. Tulihakikishe jibu kwa njia ya pili, kwa kulirudisha ndani ya mlinganyo. Tuandike namba ya toleo. Kisha mwalimu wa hesabu, akiridhika, alipeleke kwa watengenezaji kwa jina la shule. Siku kosa lililogunduliwa chini ya Mlima Hanang litakapotengenezwa, litakuwa limetengenezwa kwa kila anayetumia programu hiyo, awe Maseno, au Texas, au popote.

Kwenu wazazi wetu, nina neno moja. Mkisikia kwamba kompyuta ya shule imetoa jibu lisilo sawa, msituhurumie wala msidai iondolewe. Tuulizeni: mmejuaje kwamba si sawa? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo, ada na michango yenu haikupotea. Mkulima hatupi jembe kwa sababu mpini umelegea. Hutafuta kabari, akaigonga, akaendelea kulima. Nasi kabari tunayo, nayo ni subira ya kusoma ujumbe mpaka mwisho na ujasiri wa kuuliza.

Mimi natarajia kumaliza shule mwaka huu, na huenda nisiufaidi mlango huo ukifunguliwa. Lakini wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wapo, nao wanasikiliza tunavyobishana. Tukiufunga, watajifunza kwamba kitu usichokielewa hufungiwa. Tukiufungua, watajifunza kwamba hufunguliwa kikatazamwa ndani.



Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne